Mwanangu, namba zile zirudi kijijini

Newala, Mtwara

Mwanangu, marahaba.

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unauliza kama uache kazi ya benki huko Dar ukasome shahada ya uzamili ya kompyuta, upate kuzisaidia nchi zinazoendelea, au hiyo ni ndoto tu. Nakujibu kama mama, na kama muuguzi aliyekaa zahanati miaka 26.

Unakumbuka mwisho wa mwezi nyumbani kwetu? Wewe umelala mkekani, mimi na chemli na vitabu vya MTUHA, vile vya kuandikia takwimu za zahanati. Nahesabu vijistari: vinne vimesimama, cha tano kimelala juu yake. Malaria, kuhara, wajawazito wa hudhurio la kwanza, waliojifungulia nyumbani. Jumla nainakili kwenye fomu, asubuhi naituma wilayani kwa basi. Miaka yote hiyo haikurudi hata karatasi moja ya kuniambia, "Dada, angalia kitongoji fulani." Mwaka mmoja watoto 14 wa kitongoji kimoja waliharisha ndani ya mwezi. Nililiandika hilo kwa mkono wangu. Waliokuja kukagua kisima walifika mvua zimeshakatika, na mtoto mmoja tulikuwa tumeshamzika. Mama yake bado tunasalimiana sokoni.

Ndiyo maana niliposikia habari za DHIS2, programu ya kompyuta ya kukusanya na kuchambua takwimu za afya, niliuliza sana. Mizizi ya programu hiyo ni Afrika Kusini, miaka ya 1990, ubaguzi wa rangi ulipoondoka na watu wakataka kila wilaya iwe na takwimu zake na izitumie yenyewe. Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kikaikuza, na hutolewa bure. Wizara yetu ya afya inaitumia, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuijenga. Baadhi yao walikuwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, utafiti wao wakiufanyia wilayani. Kwa hiyo si ndoto, baba. Wapo walioisomea kazi hii ikafika mpaka kwenye fomu yangu.

Ila haijaisha. Nilipostaafu, fomu yangu ilikuwa ikiingizwa kwenye kompyuta wilayani, lakini sisi zahanati tulikuwa bado na vijistari na chemli. Namba ilishapata njia ya kwenda, ya kurudi bado. Muuguzi ambaye simu yake hushika mtandao chini ya mwembe tu, utamrudishiaje namba zake kabla kisima hakijaua? Hilo ndilo swali la kusomea miaka miwili.

Bwana shamba wetu aliwahi kunionyesha programu iitwayo Nuru, ya Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani na wenzao wa IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto. Alielekeza simu kwenye jani la muhogo wangu, ikamjibu kwa Kiswahili kuwa ni ugonjwa wa batobato, na intaneti hakuna. Aliyeitengeneza alijua shamba lilivyo. Nilifurahi mno siku ile.

Umeandika "nchi zinazoendelea". Mimi nchi hizo nazijua kwa majina ya vitongoji, na ningependa nawe uziandike hivyo kwenye maombi yako. Chuo kiwe Oslo, kiwe Nelson Mandela pale Arusha, tafuta kwanza msimamizi aliyewahi kukaa vijijini na wahudumu, halafu ufadhili. Usiache kazi kabla ufadhili haujathibitishwa kwa barua. Mikorosho ya marehemu baba yako siiuzi, lakini fedha ya mnada wa kwanza msimu huu ni ya pasipoti na nauli yako.

Ila kabla hujaandika chochote, chukua likizo uje. Dada aliyepokea nafasi yangu nimeshamwomba, atakuruhusu ukae naye akijumlisha ya mwezi, bila kugusa majina ya wagonjwa. Fika tarehe 28. Na uje na sweta, mwezi wa saba huku juu kuna baridi.

Mama yako