Mteja wa mifuko miwili ya saruji

Nina duka la vifaa vya ujenzi huku Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, na wateja wangu wengi hawajengi kwa mkupuo. Mtu anamwaga msingi, anapumzika. Anainua boma, linanyeshewa masika mawili matatu mpaka hela ya kupaua ipatikane. Ndiyo maana anayekuja na bodaboda kuchukua mifuko miwili ya saruji simwiti mteja mdogo. Nyuma ya mifuko hiyo kuna nondo za lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kuna mbao, mabati, mabomba, nyaya, rangi na masinki, vyote vya miaka mitano au kumi ijayo. Ukimkwaza leo, hivyo vyote atavinunua kwingine.

Nilijifunza kwa kosa langu. Mwaka wa kwanza nilipanga saruji chini sakafuni, imeegemea ukuta, na masika ikaingia. Mama mmoja akanunua mifuko sita. Kesho yake akarudi na fundi wake wamebeba mfuko uliopasuliwa, ndani mabonge magumu. Ukutani nilikuwa nimebandika lile tangazo: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Kijana wangu wa dukani akamwonyesha kwa kidole. Mama wa watu hakugombana. Alilisoma, akaniangalia, akasema, "Haya baba, nimekuelewa," akaondoka.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilipakia mifuko sita mipya kwenye guta, nikampelekea mwenyewe hadi saiti, nikamwomba radhi mbele ya mafundi na kuwalipa ile siku waliyokaa bure. Faida ya mfuko mmoja wa saruji ni ndogo mno, kwa hiyo nilihitaji kuuza mingi sana kufidia hasara hiyo. Hata hivyo nililibandua tangazo, na tangu hapo saruji inalala juu ya mbao, mbali na ukuta, iliyotangulia kuingia ndiyo inayotangulia kutoka. Mama yule amepaua kwangu, amepiga ripu, yaani plasta ya ukutani, kwa saruji yangu, na wenzake wawili wa kikoba wamefuata.

Kwa hiyo ndugu yangu unayefungua duka, tabasamu ni jambo jema, na vijana wako wasichezee simu mteja akiwa amesimama. Lakini kinachomrudisha mteja wa ujenzi ni ukweli, hasa ule unaokupunguzia mauzo. Wapo wanaodhani bati la geji 30 ni nene kuliko la geji 28 kwa sababu namba ni kubwa. Ni kinyume chake, mwambie kabla hajalipa. Anayetaka saruji ya daraja la nguvu 42.5 ya kupigia ripu, mweleze kwamba ya 32.5 inamtosha na bei yake ni nafuu, ile yenye nguvu aiweke kwa zege ya nguzo na lenta. Nondo ninapima mbele yake, maana nondo inayoitwa milimita 12 na haifiki ipo mitaani, na mteja akishaibiwa mara moja anatushuku wote.

Suala la fundi ni gumu zaidi. Fundi ndiye anayemleta mteja, naye anataka cha juu. Wapo wanaoomba uandike risiti kwa bei ya kupachika ili tofauti wachukue wao. Nimekataa, na nimewapoteza mafundi kadhaa kwa sababu hiyo, iliniuma. Ninachofanya ni kumpa fundi asante yake kutoka kwenye faida yangu, na mwenye nyumba anajua. Siku mwenye nyumba akigundua bei ilipachikwa, fundi atahamia saiti nyingine, wewe duka lako litabaki palepale na jina baya.

Kuna kitu kingine hakigharimu hata mia: daftari. Ninaandika jina, namba ya simu na nyumba imefika wapi, msingi, boma au imepauliwa. Mwezi Februari, kabla masika hayajaanza, nawapigia wenye maboma. "Mama, mvua zinakaribia, vichwa vya kuta umeshavifunika?" Wengi hujibu kwamba hela ya bati bado. Nawaambia siulizi bati mama, hata turubai kuukuu lenye uzito juu yake linasaidia, na kama hujapata njoo nina vipande hapa stoo, chukua.