Kindege cha mwarobaini huenda wapi?

SWALI: Shikamoo Bibi. Kaskazi ikivuma, kuna kindege cha kijani-njano kwenye mwarobaini wetu. Masika yakiingia simwoni. Huenda kutaga msitu wa Arabuko-Sokoke? – Msomaji, Gede

JIBU: Marahaba, mwanangu. Arabuko-Sokoke hupita, ila hatagi. Ukiona mstari wa njano hafifu juu ya jicho na miguu myeupe-myeupe, bila shaka ni Phylloscopus trochilus, ambaye Waingereza humwita Willow Warbler. Ana kama gramu 9 tu, na hutaga kwao, Ulaya kaskazini au Siberia. Wa mashariki kabisa mwa Urusi husafiri zaidi ya kilomita 10,000. Ndiyo maana, nadhani, manyoya yote huyabadilisha mara mbili kwa mwaka, jambo adimu kwa ndege wadogo.

Kwao hupenda mierebi na miti michanga penye mwanga. Msitu mzito wenye giza haumfai. Na huyu unayemwona juu mtini kutwa, kule hujenga chini kabisa, ndani ya nyasi: kiota cha duara chenye paa, mlango ubavuni, ndani kimetandikwa manyoya.

Mwezi Machi amka alfajiri usikilize. Dume huanza kuimba hapahapa, sauti ikishuka polepole. Na mwarobaini msiupulizie dawa wakati huo. Vidudu vyake ndivyo vinavyomnenepesha kwa safari.