Vitoto vya sungura vilishwe nini?

SWALI: Habari mhariri, vitoto vya sungura wangu vina wiki 3, vimeanza kutoka kwenye boksi la kuzalia, niviwekee kabichi au maziwa ya ng'ombe? Mfugaji mpya, Morogoro.

JIBU: Maziwa ya ng'ombe achana nayo kabisa ndugu yangu, mama yao ananyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, tena dakika chache, kwahiyo usidhani kawatelekeza. Saa hizi wameanza kutafunatafuna chakula cha mama, weka nyasi kavu muda wote, peleti (chakula cha sungura cha vipunje kilichotengenezwa) kidogo na maji safi. Kabichi hapana bwana, tumbo linaweza kujaa gesi kitoto kikafa. Majani ya viazi vitamu subiri wakishaachishwa, wiki ya 6 hivi, yaanike kwanza yanyauke na uanze na jani mojamoja, kinyesi kikilegea rudi kwenye nyasi kavu.