Kwa nini punda alianguka na mwenyewe akawashwa vidole tu

Ndugu uliyeuliza kwa nini punda wa jirani yako alianguka penye maji ya pampu, ilhali mwenyewe aliyeshika kamba aliwashwa vidole tu: mimi ni fundi wa umeme hapa Lamu, na jambo kama hilo nililikuta katika ua mmoja wa Mkomani.

Kando ya pampu ya kisima palikuwa na pipa la chuma lililokatwa nusu, la kunyweshea punda wa kubeba mchanga. Walikuwa wakigusa maji kwa mdomo, kisha wakiruka nyuma. Mwenye nyumba akadhani maji yameingia chumvi, akayamwaga mara mbili. Nilipopima kati ya pipa na ardhi iliyolowa nilipata volti 38. Ganda la waya wa pampu lilikuwa limepasuka, na waya wa athi (ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja), nilipofungua kiungio chake, ulikuwa umegeuka unga wa kijani kwa hewa ya bahari.

Kinachodhuru mwili ni kiasi cha mkondo wa umeme, unaopimwa hapa kwa miliampea, na njia unayopita. Miliampea 1 mtu huihisi kama sisimizi akitambaa. Zikifika 10 hivi, misuli ya mkono hukaza hata akashindwa kuachia waya. Zikizidi hapo kifua hubanwa, na kuanzia 50 hivi, mkondo ukipita moyoni kwa sekunde moja au zaidi, moyo unaweza kutetemeka tu bila kusukuma damu. Ndiyo sababu vifaa vya kukata umeme unaovuja, vya kulinda watu, huwekwa vikate umeme kabla mkondo unaovuja haujazidi miliampea 30.

Sasa mtazame jirani yako: ngozi kavu, na kandambili za mpira miguuni. Punda hana kandambili. Mdomo wake umelowa, kwato zimo topeni, na mkondo ukiingia mdomoni hupita kifuani kabla ya kutokea miguuni. Hata asipogusa kitu, ardhi yenyewe ikiwa na umeme, mkondo huingia miguu ya mbele na kutokea ya nyuma, na moyo uko katikati. Kwa binadamu hupanda mguu mmoja na kushuka mwingine, mbali na moyo. Kwa hiyo mafundi huhesabu volti 50 kuwa mpaka wa mguso kwa watu, lakini penye mifugo ni 25. Zile 38 zangu zilikuwa katikati.

Mwambie jirani azime swichi kuu kabla ya kumgusa mnyama au mtu aliyenaswa, na pampu isiwashwe tena mpaka waya wa athi upimwe. (Kufunga utepe juu ya ganda lililopasuka, kama nionavyo kila siku, si matengenezo.)

Punda wa Mkomani walirudi kunywa siku ya nne baada ya kazi yangu, isipokuwa jike mmoja, ambaye mpaka leo hunyweshwa kwa ndoo ya plastiki mlangoni.