Megawati za gazetini na tokeni za ploti: jibu kwa aliyeuliza kama anunue sola

Ndugu wa Kahawa West, nimesoma swali lako. Umekutana na habari tatu kwa wiki moja: megawati zinaongezwa, kituo kikubwa cha data kinajengwa Olkaria, na mwananchi sasa anaweza kuiuzia Kenya Power umeme wa jua. Nyumba yako inatumia uniti kama 90 kwa mwezi. Fundi amekupa bei ya shilingi 380,000 kwa paneli 6 za wati 550, inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa nyumbani) ya kilowati 3 na betri ya lithiamu, na amekwambia uniti zitakazobaki zitakulipia deni. Unauliza usubiri stima ishuke bei au ununue sasa.

Usisubiri, lakini hiyo pia usinunue. Nitaeleza.

Megawati kwanza, maana ndilo neno linalopotosha watu wengi. Megawati ni upana wa mfereji, uniti, yaani kilowati-saa, ni maji yaliyoingia kwenye ndoo. Mtambo wa jua wa megawati 50, kama ule wa Garissa, ukipata jua sawa na saa 5 kamili kwa siku utatoa megawati-saa 250. Mtambo wa mvuke wa ardhini wa megawati 50 pale Olkaria, Naivasha, ukifanya kazi saa 22 kati ya 24, utatoa 1,100. Kwenye kichwa cha habari yote miwili imeandikwa "megawati 50". Sasa ongeza saa. Kenya hutumia stima nyingi zaidi kuanzia kama saa moja na nusu usiku hadi saa tatu, watu wakipika, wakioga na kuwasha runinga. Saa hiyo Garissa inatoa sifuri. Kwa hiyo anayekwambia tumeongeza megawati kadhaa, muulize: za saa ngapi?

La pili ni nyaya. Mtambo wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Mitambo ilikamilika kabla ya laini ya Loiyangalani hadi Suswa, kampuni ya Uhispania iliyokuwa ikijenga laini ikafilisika, na laini ikawashwa Septemba 2018. Muda huo wote upepo ulikuwa unavuma na hakuna pa kuupeleka, lakini mkataba ulisema mwenye mtambo alipwe. Pesa hizo zilitoka mfukoni mwa mtumiaji. Hata baada ya laini kuwaka kuna jambo lisilopendeza magazetini: upepo wa kule huvuma sana usiku wa manane, wakati Nairobi imelala, na mvuke wa Olkaria haupendi kuzimwa na kuwashwa kama taa. Kimoja lazima kipunguzwe. Mara nyingi mvuke huachiliwa hewani, na malipo ya uwezo, yaani pesa za kuwa tayari tu, yanaendelea.

Si kila habari ni hewa. Umeme wa Ethiopia ulitangazwa kwa miaka, na mwishoni mwa 2022 ukaanza kuingia Suswa kwa laini ya kilovolti 500. Ila angalia tarakimu: laini inaweza kubeba megawati 2,000, mkataba ulianza na 200. Kabla ya kushangilia tarakimu kubwa, tafuta tarakimu ya mkataba.

Kituo cha data cha Olkaria ni mfano mzuri zaidi. Microsoft na G42, kampuni ya teknolojia ya Falme za Kiarabu, walikitangaza Mei 2024, Rais Ruto alipokuwa ziarani Marekani: dola bilioni 1, megawati 100 kwa kuanzia, na uwezekano wa kufika gigawati 1. Gigawati 1 ni megawati 1,000. Mvuke wote tuliojenga tangu mtambo wa kwanza wa megawati 15 uwashwe Olkaria mwaka 1981 hauzidi hapo. Uko chini kidogo ya 1,000. Kilele cha matumizi ya nchi nzima, kuanzia Mombasa hadi Malaba, kilizunguka megawati 2,300 mwanzoni mwa 2025. Kisima kimoja cha mvuke huchimbwa hadi kama kilomita 3 na kwa wastani hutoa karibu megawati 5, vingine havitoi kitu. Piga hesabu mwenyewe: visima kama 200. Sisemi hakitajengwa. Nasema megawati 100 ni mradi na gigawati 1 ni hotuba, na gazeti likiziandika kwenye sentensi moja wewe zitenganishe.

Nyuklia, inayotajwa nayo kwenye habari za megawati, sitakaa nayo sana. Mtambo mmoja wa megawati 1,000 kwenye gridi, yaani mtandao wa nyaya za nchi, yenye kilele cha kama 2,300 ni kama kubeba gunia lote kwa kamba moja. Gridi huzunguka mara 50 kwa sekunde. Chanzo kikubwa kikikatika ghafla, mzunguko unashuka, na vifaa vya kinga vinaanza kukata mitaa ili kuokoa kilichobaki. Visipokata haraka vya kutosha, nchi nzima inaenda giza, kama usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 ambapo hata uwanja wa ndege wa JKIA uliguswa. Kwanza tuwe na gridi inayoweza kupoteza chanzo kimoja bila kuanguka.

Tuje kwa tokeni yako, maana hapa ndipo unaweza kufanya kitu.

Desemba 2021 tuliahidiwa punguzo la asilimia 30. Asilimia 15 ilikuja Januari 2022, ile 15 ya pili haikuja, na Aprili 2023 EPRA, mdhibiti wa nishati, ikaidhinisha bei mpya, juu. Lakini hata bei ya msingi ikishuka, SMS ya tokeni ina mambo mengine ndani: gharama ya mafuta ya mitambo ya dizeli, mabadiliko ya dola, mfumuko wa bei, tozo ya umeme vijijini ya asilimia 5, tozo ya EPRA na ya maji, halafu VAT ya asilimia 16. Gharama ya mafuta na ya dola hubadilika mwezi kwa mwezi. Kwa hiyo usibishane na kichwa cha habari. Chukua pesa ulizotuma, gawanya kwa uniti ulizopata. Fanya hivyo kwa tokeni za miezi sita zilizoko kwenye simu yako na uandike. Hiyo ndiyo bei yako.

Ukiona imeruka ghafla, kabla ya kulaumu serikali angalia kundi lako. Mteja wa nyumbani huwekwa kwenye kundi kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu: hadi uniti 30, 31 hadi 100, na zaidi ya 100. Wastani ukipita 100, si zile zilizozidi tu zinazopanda, ni uniti zako zote. Wewe uko 90, pembeni kabisa mwa shimo. Shawa ya stima ya wati 5,400 ikiwashwa dakika 8 inakula uniti 0.72. Watu wanne, siku 30, hiyo ni uniti 86. Mtu akifunga shawa moja na kuacha kuchemsha maji kwa gesi, amehama kundi bila kujua, na mwezi wa nne analia kwamba Kenya Power wamepandisha bei kimyakimya.

Kuna na wale wa ploti zenye mita moja kubwa na vimita vidogo vya mwenye nyumba kila mlango. Nyumba nane za uniti 25 kila moja zingekuwa kundi la chini kabisa, lakini mita ya Kenya Power inaona 200. Wote wanalipa bei ya juu, kabla mwenye ploti hajaongeza yake. Kama uko kwenye ploti ya namna hiyo, kupigania mita yako mwenyewe kutakufaa zaidi ya paneli.

Sasa sola. Kuuza umeme si uongo. Sheria ya Nishati ya 2019 iliufungua mlango, kanuni zikatoka 2024, kikomo ni megawati 1. Lakini hulipwi pesa: unawekewa uniti, na kwa kila uniti 2 unazopeleka unahesabiwa 1. Fundi hakukwambia hivyo.

Angalia hesabu yako. Uniti 90 kwa mwezi ni 3 kwa siku. Tuseme 1 mchana na 2 usiku. Paneli 6 za wati 550 ni kilowati 3.3. Nairobi, paa likielekea vizuri na bila kivuli, zitatoa uniti 13 au 14 siku ya kawaida, na kama 10 kwenye mawingu ya Julai na Agosti. Unatumia 1 mchana, unabaki na kama 12. Ukizipeleka zote unawekewa 6. Za nini, na usiku unahitaji 2 tu? Na kwa sababu una betri, hata hizo 2 zinatoka kwenye betri. Ziada yako haina deni la kulipa.

Pesa: tuseme uniti moja inakugharimu shilingi 28. Ukiacha kabisa kununua tokeni utaokoa 2,520 kwa mwezi. Shilingi 380,000 zitarudi baada ya miezi 150, zaidi ya miaka 12, na betri ya lithiamu nzuri huhesabiwa kwa miaka kama 10.

Kama shabaha yako ni bei tu, paneli 3 zinatosha bila betri. Unahitaji uniti 1 ya mchana na 4 za kupeleka ili urudishiwe 2, jumla 5. Paneli 3 hutoa karibu 7 siku nzuri na kama 5 mwezi mbaya. Lakini ujue inverta ya gridi bila betri huzimika stima ikipotea, hata jua likiwaka saa sita mchana. Imeundwa hivyo ili isimuue fundi aliye juu ya nguzo. Wengi hugundua hilo siku ya kwanza ya giza.

Kama shabaha ni kutolala gizani, basi punguza kila kitu. Betri ya volti 51.2 na ampea-saa 100 ina uniti 5.1, na za kutumia kama 4.5. Friji ndogo uniti 1 kwa siku, ruta ya intaneti 0.24, taa na runinga 0.5. Inakutosha usiku mzima na zaidi, mradi pasi na shawa zisiguse saketi hiyo. Mwambie fundi atenge saketi mbili kwenye boksi.

Makosa ninayoyaona yakirudiwa kwenye mapaa ya Nairobi ni yale yale. Kubwa ni volti za paneli. Paneli ya wati 550 ikiwa haina mzigo ina karibu volti 49.5. Sita zikifuatana ni 297, na asubuhi ya baridi ya nyuzi 10 hupanda asilimia 4 hivi, kama 309. Inverta yenye kikomo cha volti 450 haitajali. Ile ya bei rahisi yenye kikomo cha 145 itaungua asubuhi ya kwanza, na warantii haitalipa. Soma kibandiko ubavuni mwake, usisome tangazo. Baadaye breka: upande wa paneli na betri unataka breka ya DC (mkondo wa mwelekeo mmoja). Ya AC, ile ya stima ya kawaida ya nyumbani, ikikata mkondo wa DC, cheche haizimiki, ndiyo chanzo cha boksi zilizoyeyuka. Kwa betri ya kundi la volti 48 (ile ya 51.2 imo humo) na inverta ya kilowati 3, mkondo ni kama ampea 63, au 67 ukihesabu hasara ya inverta. Weka kebo ya milimita mraba 25 na fyuzi ya ampea 100 karibu kabisa na betri. Akikuletea mfumo wa volti 24, ampea zinakuwa maradufu na kebo hiyo haitoshi.

Na hili la mwisho ndilo linalowapata wanaowahi kabla ya kibali. Mita nyingi za tokeni hazijui mwelekeo. Ukipeleka stima nje, mita inaihesabu kama umetumia, au inajifunga ikidhani unaichezea. Unatoa stima bure na tokeni inaisha haraka kuliko zamani. Mpaka upewe mita ya pande mbili, inverta iwekwe isitoe kitu nje: kile kibano cha kupimia mkondo kifungwe kwenye waya wa moto unaotoka kwenye mita, mshale wake ufuate mwelekeo ambao kitabu cha inverta kinasema. Ukigeuzwa, inverta itaona ununuzi kama uuzaji na kufanya kinyume. Kujaribu ni rahisi: zima breka ya paneli na uzuie betri isitoe stima, washa pasi, tazama kioo cha inverta. Namba ya gridi ikipanda kwa upande wa kununua, mko sawa.

Muombe fundi leseni ya EPRA ya daraja la T3, hiyo ndiyo ya mifumo inayoshikana na gridi, na jina kwenye leseni liwe la atakayepanda paa mwenyewe. Halafu rudi hapa na wati za kila kifaa ulicho nacho, saa unazokitumia, na picha ya kibandiko cha hiyo inverta. Funika namba ya mita kabla ya kutuma.