Kwa nini platinamu inafichwa kwenye vitundu vya kaboni
Umeuliza kwa nini kwenye seli za haidrojeni (zile zinazotoa umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni) wasipake tu platinamu, kichocheo cha mmenyuko huo, juu ya kaboni ya kawaida, wanahangaika na yenye vitundu. Shida mzee ni ile plastiki ya asidi inayopitisha protoni, ikigusana na platinamu inaing'ang'ania, oksijeni inakosa pa kukaa. Sasa chembe za platinamu zikiwa ndani ya vitundu vya kama nanomita 4 hadi 7 hivi, plastiki haiingii sana ila protoni zinafika kupitia maji na oksijeni nayo inapenya, tena chembe hazigandani ovyo. Toyota walifanya hivyo kwenye gari lao la haidrojeni, Mirai ya pili, ya 2020. Ila kitundu kikiwa kirefu na chembamba mno gesi inakwama, na kuwasha na kuzima seli mara nyingi kunaila kaboni yenyewe.