Falsafa ya yoga kwa mtu mwenye shughuli nyingi: uzoefu wa fundi cherehani wa Moshi

Dada, umeeleza kwamba una duka la vitambaa hapa Moshi, wazazi wanakutegemea, michango haikomi, nawe unauliza kama yoga inaweza kumsaidia mtu asiye na nafasi ya kutandika mkeka. Mimi ni fundi cherehani karibu na soko la Mbuyuni, na jibu langu ni ndiyo, kwa kuwa mikao ya mwili ni sehemu moja tu ya elimu hiyo. Katika Yoga Sutra, kitabu cha kale cha mafundisho ya yoga, mwandishi wake Patanjali anataja viungo vinane, yaani sehemu nane za yoga, na mkao ni cha tatu. Vinavyoutangulia ni yama na niyama, yaani namna ya kuishi na watu na namna ya kujitunza mwenyewe.

Fundisho lililonifaa kuliko yote limo katika sura ya sita ya Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, ambamo mungu Krishna anamweleza shujaa Arjuna kwamba yoga haimfai anayekula kupita kiasi wala anayejinyima chakula, anayelala mno wala anayekesha. Wengi hulipita haraka kwa sababu linaonekana jepesi, lakini kwa fundi wa mji huu ni gumu kuliko kusimama kwa kichwa. Mwishoni mwa mwaka ndugu wanarudi nyumbani Kilimanjaro, kila ukoo una harusi au kipaimara, na kabla hujapumzika sare za shule za Januari zinakusubiri. Siku hizi ninaandika daftarini kazi ninazoweza kuzimaliza bila kukesha, na likijaa ninampeleka mteja kwa fundi mwenzangu. Hiyo kwangu ndiyo aparigraha, yama ya tano, inayokataza kujilimbikizia. Kwa maoni yangu hata kazi hulimbikizwa, na anayepokea kianzio cha nguo asiyoweza kuimaliza kwa wakati anaivunja pia satya, ambayo ni kusema kweli. Sikufichi kwamba fedha za Desemba hupungua. Hata hivyo ninaingia Januari nikiwa na macho yanayoona sindano na subira ya kuwasikiliza watoto wangu.

Jambo la pili limo katika sura ya pili ya Gita, inayofundisha kwamba mtu ana haki juu ya kutenda na si juu ya matunda ya tendo, kisha ikaita yoga ule utulivu wa moyo ulio sawa katika kufanikiwa na kushindwa. Wapo wanaosikia hapo ruhusa ya kutojali, nami sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu fundisho lenyewe linadai utende kwa ukamilifu. Ninapima mara mbili, ninakata kwa uangalifu, ninashona kama nilivyoahidi. Baada ya hapo, mteja akifurahi au akinuna, sibebi uso wake hadi nyumbani. Kwako itakuwa siku ya masika ambayo hakuna aliyeingia dukani: umefungua kwa wakati, umepanga vitambaa vizuri, umemsalimu kila apitaye, na sehemu yako imekamilika.

Uligusia pia kama yoga inapatana na imani ya mtu; mimi ni Mlutheri na sijaona lolote katika haya linalonitoa kanisani.

Patanjali anasema mazoezi huimarika yakifanywa kwa muda mrefu, bila kukatizwa na kwa moyo wote. Ndiyo maana ninapendelea dakika chache za kila asubuhi kuliko saa nzima ya Jumamosi. Kabla ya kufungua mlango ninakaa kwenye kigoda, mgongo ukiwa wima, ninavuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi, bila kuibana. Mwenye shinikizo la damu au mjamzito asijaribu kuzuia pumzi kabla ya kuzungumza na daktari.

Ningekuwa wewe ningeanza na usingizi: panga saa ya kufunga duka, iheshimu mwezi mzima hata soko likiwa limechangamka, kisha ndipo uongeze pumzi za asubuhi. Mikao tutaizungumza ukishafika hapo.